Vijana tunaotetea umeme wa nyuklia hapa Dodoma, tuongeeje na wananchi?

BintiHombolo

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu na naomba tujadili kwa uzito maana hili jambo nimelibeba moyoni kweli.

Sisi ni kikundi cha vijana hapa Dodoma, wengine bado wako UDOM wengine tumeshamaliza tuko mtaani, na tumeamua kusimamia hoja moja, kwamba nyuklia ni umeme safi na nchi yetu isiiweke pembeni kwa sababu ya hofu peke yake. Tunaomba kibali tunaenda shuleni, tunakaa na klabu za sayansi, tunajibu maswali. Wanafunzi hawana shida kabisa. Ukiwaeleza kwamba hesabu za IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2014, zile zinazojumlisha kila kitu kuanzia kuchimba urani, kujenga kinu, kukiendesha mpaka kukibomoa, zinaonyesha uniti moja ya umeme wa nyuklia inatoa kama gramu 12 za hewa ukaa wakati gesi ni 490 na makaa ya mawe 820, wanaanza wenyewe kuuliza sasa sisi tunasubiri nini.

Na huko nje vijana wenzetu wameshachangamka. Mwaka 2023 binti mmoja wa Sweden anaitwa Ia Aanstoot akiwa na miaka 18 alijitokeza hadharani kuwaambia Greenpeace, lile shirika la mazingira, waache kuipiga vita nyuklia kule Ulaya. Mwaka huohuo kwenye mkutano wa tabianchi Dubai nchi zaidi ya 20 zilitangaza nia ya kuongeza nyuklia duniani mara tatu ifikapo 2050, Ghana na Morocco zikiwemo, halafu mwaka uliofuata wakaingia Kenya na Nigeria. Sisi wenye urani yetu wenyewe ardhini, Namtumbo kule Ruvuma tumeshazindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani Julai 2025, lakini ukisikiliza mazungumzo yote ni ya kuchimba na kuuza, umeme wake hautajwi sana.

Shida yetu ni watu wazima, hasa tukitoka mjini kwenda upande wa Bahi. Kule ukifungua tu mdomo kuhusu nyuklia mkutano unageuka. Kuna mzee alisimama akatuuliza mmetumwa na nani, na vijana wenzangu wengine wakavunjika moyo wanasema tubaki mjini tu na mitandaoni. Mimi sikubali kuwaacha wale watu. Kwa hiyo naomba mnisaidie, hoja ipi inaingia kwa mwananchi wa kawaida wa huku kwetu, na je kuna sehemu hoja yetu yenyewe ina tundu? Semeni ukweli.

FundiLaini

Dada hongereni sana, vijana wanaoshughulisha akili na umeme wa nchi wanatakiwa. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye laini za msongo mkubwa kwa hiyo nitaongelea gridi tu, yaani mtandao wa umeme wa nchi, ya mionzi nawaachia wenye fani yake.

Tundu la kwanza lipo hapa. Mwananchi wa Nkuhungu au Chang'ombe umeme ukimkatikia saa mbili usiku akiwa na ugali jikoni, kile siyo kitu cha nyuklia kukiponya. Mara nyingi ni transifoma imezidiwa, nguzo imelala, au mti umegusa waya. Mkimwambia nyuklia itamaliza kukatika kwa umeme mtaani kwake mtakuwa mmemdanganya na siku moja atawakumbusha. Bwawa la Nyerere sasa hivi lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na mahitaji ya juu ya nchi nzima mwaka 2025 yalikuwa karibu megawati 1,900. Machi 2024 mitambo mitano ya maji ilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi. Sasa wewe simama mbele ya mtu umwambie nchi ina upungufu wa uzalishaji, hakuelewi, na ana haki.

Lakini msikate tamaa maana hoja yenu halisi ipo palepale, mnaitafutia mbali. Hoja ni MAJI. Umeme wetu mkubwa sasa umeegemea mto mmoja, Rufiji, na matawi yake. Mtera megawati 80, Kidatu 204, Kihansi 180, Nyerere 2,115, vyote hivyo vinakunywa bonde moja la mto. Oktoba 2015 ukame ulifika mahali mitambo ya maji ikazimwa nchi nzima. Mwishoni mwa 2023 mgao ulirudi tena, wenye mashine za kusaga na saluni hawajasahau. Mtu wa Dodoma huhitaji kumfundisha ukame ni nini, anaujua kuliko profesa. Mwambieni hivi: mvua zikigoma miaka miwili mfululizo, nchi iliyoegemea mto mmoja inafanya nini? Hapo atakaa asikilize.

Tundu la pili ni ukubwa. Kuna kanuni ya mafundi wa gridi kwamba mashine moja isizidi kama asilimia 10 ya gridi nzima, maana ikizima ghafla lazima zilizobaki zibebe mzigo, zikishindwa nchi yote inaingia gizani. Misri wanajenga El Dabaa vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja. Kimoja tu cha vile ukikileta kwetu leo ni zaidi ya nusu ya mahitaji yetu yote, gridi haiwezi kukibeba. Kwa hiyo mnapozungumza zungumzeni vinu vidogo. Warusi wana viwili vya megawati 35 kila kimoja juu ya meli kule Pevek, vinatoa umeme kibiashara tangu 2020. China nao wana cha 125 walichoanza kujenga 2021. Bado ni vichache mno duniani na bei yake haijatulia, hilo nalo msifiche. Na kwa bei ya vile vikubwa, El Dabaa inatajwa kama dola bilioni 30 na sehemu kubwa ni mkopo wa Urusi, wakati Bwawa la Nyerere lilijengwa kwa kama shilingi trilioni 6.5. Pigeni wenyewe hesabu kwa megawati.

Kuna jambo jema lakini. Uti wa mgongo wa gridi unapita kwetu, laini ya kilovolti 400 inatoka Iringa inakuja Dodoma, Singida mpaka Shinyanga, na Singida imeshaunganishwa na Kenya. Treni ya umeme nayo inafika hapa tangu 2024. Mahitaji yatapanda, hilo sina wasiwasi nalo, na kinu kinachukua zaidi ya miaka kumi tangu kuamua mpaka kuwasha. Anayetaka umeme wa 2040 anaanza kuuongelea sasa hivi.

Jua_la_Singida

Naomba niwe tofauti kidogo, kwa heshima. Kwa nini vijana mnapoteza nguvu huko wakati kanda yetu ina jua mwaka mzima na upepo wa Singida kila mtu anaujua? Sola unafunga leo kesho inawaka. Kwenye hizohizo takwimu za IPCC upepo ni gramu 11, unalingana na nyuklia kabisa, sola 48, bado ni ndogo sana ukilinganisha na gesi. Hakuna taka za miaka maelfu, hakuna mkopo wa kutisha, kijiji kinaweza kumiliki chake chenyewe. Marekani walijenga vinu viwili vya Vogtle kule Georgia, vilichelewa miaka saba na gharama ikapita dola bilioni 30. Hiyo ni Marekani yenye uzoefu wa miaka sabini. Sisi tutafanyaje?

BintiHombolo

@Jua_la_Singida asante kaka na nakubaliana na wewe kwamba jua na upepo vianze sasa hivi, hatujawahi kusema vinginevyo na sioni kwa nini tugombane wakati wote tunataka hewa safi. Ila nchi yetu inatumia umeme mwingi zaidi jioni, kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku, watu wamerudi wanapika wanawasha taa na runinga, na saa hizo jua limeshalala. Utaweka betri sawa, kwa nyumba na zahanati inatosha, kwa viwanda na treni inakuwa mlima mwingine. Kitu kinachozunguka usiku na mchana bila kuuliza hali ya hewa leo ni maji, gesi, makaa au nyuklia. Na jotoardhi kidogo. Maji tumeshaona ya 2015. Ujerumani walifunga vinu vyao vitatu vya mwisho Aprili 2023 huku mitambo ya makaa ya mawe bado inawaka, mimi hilo linaniuma kwa kweli maana moshi ule hauna mpaka.

Mfano wa Vogtle ni wa kweli. Upande wa pili wapo Falme za Kiarabu, walikuwa hawajawahi kumiliki hata kinu kimoja, wakaanza kumwaga zege Barakah mwaka 2012 wakisaidiwa na Wakorea, cha kwanza kikaanza biashara 2021 na cha nne 2024, sasa robo ya umeme wa nchi unatoka pale. Wana hela, najua. Lakini pia walituma vijana wao kusoma miaka mingi kabla, na hilo la kusomesha halihitaji mafuta. Halafu Juni 2025 Benki ya Dunia imeondoa katazo lake la kugharamia nyuklia, kwa hiyo mlango wa fedha siyo uleule wa zamani.

@FundiLaini kaka hiyo ya mto mmoja naichukua yote.

Mpunga_Bahi

Mimi ni mtu wa Bahi, nalima mpunga na nina ng'ombe kidogo. Nimesoma yote mliyoandika nikaona niingie maana mnatuongelea sisi.

Yule mzee aliyewauliza mmetumwa na nani hakuwa mjinga. Miaka ile kuanzia 2007 hivi walikuja watu na magari na mashine wakatoboa mashimo ya utafiti mbugani, wakabeba udongo kwenye mifuko, wakaondoka. Mpaka leo hakuna aliyerudi kijijini kwetu kukaa na watu kusema tulipima hiki tukakuta hiki, maji yenu yako hivi. Sasa watu walibaki na nini, walibaki na maneno. Ng'ombe akitupa mimba ni urani. Mtoto akitoka vipele ni urani. Mtu ambaye hajapewa jibu atajitengenezea jibu, na nyie mkija na projekta na fulana zenu mnaonekana ni msafara uleule umerudi na sura za vijana.

Kingine, nyie mnaanza na hewa, gramu sijui ngapi. Sisi tunaanza na maji. Urani ya huku haiko chini sana kama dhahabu ya Geita, iko juujuu kwenye udongo wa mbuga na chokaa, palepale tunapolima, palepale ng'ombe wanapokunywa, palepale mto Bubu unapomwaga maji yake na watu wanavua samaki mvua zikiwa nzuri. Ukiniambia nyuklia ni safi nitakuuliza safi kwa nani. Mtu wa mjini anapata taa, mimi napata shimo na rundo la udongo uliokwisha kukamuliwa, na vumbi la Septemba la huku mnalijua lilivyo.

Sijasema sitaki. Nina mtoto anasoma kwa tochi ya simu, mimi sina ugomvi na umeme. Ila mkija mje na jibu la maji kwanza.

MamaPichaZaMionzi

Kaka Mpunga umeongea kitu kizito. Mimi ni mpiga picha za eksirei hospitalini hapa mjini, kazi yangu kila siku ni mionzi, nimelea watoto wangu nikiwa kwenye kazi hiihii. Naomba nichangie vipimo maana watu wanaogopa kitu ambacho hawajawahi kukiona kwa namba.

Mionzi tunayo siku zote, inatoka ardhini, angani, kwenye chakula. Wastani wa dunia mtu mmoja anapata kama milisievati 2.4 (hicho ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka bila kufanya chochote. Picha moja ya kifua haizidi 0.1. Sitiskani ya kifua inafika kama 7. Mimi mfanyakazi kikomo changu ni wastani wa 20 kwa mwaka na huwa sikaribii hata kidogo, nina beji kifuani inayohesabu, na wanaoisoma ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2003. Mtu anayeishi jirani na kinu kinachofanya kazi vizuri anaongezewa chini ya 0.01 kwa mwaka. Hizo ndizo namba.

Lakini vijana wangu, namba zangu hizi ni za KINU na za hospitali. Za mgodi ni habari nyingine na msizichanganye mkiwa mbele ya watu. Urani ikishakamuliwa kwenye mwamba, sehemu kubwa ya mionzi, kama asilimia 85, inabaki kwenye yale matope yanayotupwa, kwa sababu radiamu na madini mengine ya mionzi hayaendi na urani. Yale matope yakisimamiwa vizuri, yakafunikwa, yakawekewa tabaka la kuzuia maji, hatari inashuka sana. Yakiachwa wazi yanapeperuka na kuvuja. Kwa hiyo swali la kaka Mpunga ni swali la kisayansi kabisa, siyo uoga.

Ushauri wangu wa vitendo, acheni projekta. Ombeni wataalamu waje na kifaa cha kupimia, mzee akishike mwenyewe, apime nyumba yake, apime kisima, apime mbuga, kiandikwe kwenye daftari la kijiji. Baada ya hapo ndipo muongee.

Mwl_Kondoa

Nafundisha fizikia sekondari. Mchango wangu ni mmoja, msikimbie ajali. Nimeona vijana wengi wakitetea nyuklia wanaruka ajali ya kinu cha Chernobyl kule Ukraine kwa sentensi moja, "ile ilikuwa teknolojia ya zamani", halafu wanaendelea. Mwananchi anaona umeruka.

Semeni ilivyokuwa. Aprili 26 mwaka 1986, kinu cha aina ambayo nguvu yake inaweza kupanda yenyewe kikiendeshwa vibaya, walikuwa wanafanya jaribio usiku, mifumo ya kinga imezimwa, na hakikuwa na lile jengo zito la zege la kuzuia mionzi isitoke. Watu kama 30 walikufa ndani ya muda mfupi na Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vinaweza kufika 4,000 kwa miaka ya baadaye kwa walioathirika zaidi. Watoto wengi walipata saratani ya tezi la shingo kwa sababu walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini ya mionzi na hakuna aliyewaambia waache. Kwenye kanda ya wafugaji kama yetu hilo la maziwa lazima mlisome mlielewe, mtaulizwa. Fukushima kule Japani mwaka 2011, tsunami iliyoharibu kituo cha nyuklia iliua watu zaidi ya 18,000, mionzi yenyewe serikali ya Japani imetambua kifo cha mfanyakazi mmoja, lakini zaidi ya 2,000 walikufa kwa shida za kuhamishwa, wengi wazee. Yaani kuhamisha watu ovyo kuliua kuliko mionzi.

Ukishayasema yote hayo ndipo useme kwamba kwa kila kiasi cha umeme kinachozalishwa makaa ya mawe yameua watu mara mamia zaidi, moshi wake unaua kimyakimya hakuna anayepiga kengele. Itaaminika kwa sababu hukuficha.

Na msiahidi kinu Dodoma. Tuko kwenye Bonde la Ufa mitetemeko tunaisikia, na maji ya kupooza kinu yatatoka wapi wakati mji wenyewe unategemea visima vya Makutupora? Kuna kituo kiko jangwani Arizona, Palo Verde, kinapoozwa na majitaka yaliyosafishwa ya mji wa Phoenix, zaidi ya lita bilioni 70 kwa mwaka, kwa hiyo kitaalamu inawezekana. Sisi majitaka ya kiasi hicho hatuna. Kinu cha kwanza cha nchi hii kikija kitakaa pwani au kwenye ziwa. Dodoma mchango wake ni watu, wahandisi, walimu, wapimaji, na wabunge wako hapahapa kilomita chache kutoka mlipo, waombeni miadi.

BintiHombolo

Mwalimu, Mama, kaka Fundi, asanteni sana. Nimewatumia wenzangu uzi wote tukakaa tumejadili.

Tumekubaliana Bahi hatuendi tena kuongelea kinu. Tunagawa kazi, mashuleni na kwa wabunge tunaendelea na hoja ya ukame na mto mmoja, tunasema vinu vidogo na tunasema wazi ni kwa ajili ya miaka ya 2040 siyo kesho. Bahi tunaenda na suala moja tu la maji, kwamba yapimwe kabla mtu yeyote hajaanza kuchimba, majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, na yapimwe tena kila mwaka na watu ambao siyo wa mgodi. Tunataka hilo tulidai sisi vijana tunaotetea nyuklia, tusiwaachie wanaoipinga peke yao. Kama nyuklia ni safi kama tunavyosema basi ianze kuwa safi kwenye kisima cha kaka Mpunga.

Tumeanza kuandika barua TAEC kuomba mtaalamu na kifaa. Kaka @Mpunga_Bahi tukipata, tuje lini?

Mpunga_Bahi

Msije sasa hivi watu wako shambani. Njooni tukishavuna, Juni kuelekea Julai, watu wana nafasi na barabara imekauka. Piteni kwa mtendaji mapema aite mkutano rasmi, siyo ule wa kushtukiza. Kuna visima vitatu vifupi na bwawa la mifugo, nitawaonyesha vyote, na mzee wenu yule nitamwambia mimi mwenyewe aje, ni mjomba wangu. Fulana msivae.

FundiLaini

Juni naweza kupata likizo. Gari ninayo, nafasi ya watu sita, nitumie ujumbe inbox.